Insha ya baa ya mtaani inapogoma: dalili, sababu na marekebisho

Wengi wetu tuna baa moja moyoni, hata tunaokunywa soda. Ni ile ya kona, yenye viti vya plastiki, jiko la mkaa nje, na mhudumu anayejua utaagiza nini kabla hujakaa. Unaamua kuiandika. Ukurasa wa kwanza unakwenda vizuri, wa pili unayumba, wa tatu umeshakuwa kitu kingine kabisa. Mwongozo huu umetokana na rasimu za namna hiyo ambazo watu huniletea niwasomee, wengi wa Dar es Salaam, wengine wa Arusha na Nairobi. Matatizo ni yaleyale, yanarudi kila mara. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili nimetanguliza sababu inayotokea zaidi. Fanya ukaguzi mwepesi kwanza, na usifute rasimu nzima kabla hujajua tatizo liko wapi.

Shika jambo hili tangu mwanzo: hukuwa unakwenda pale kwa ajili ya bia. Bia ileile ipo baa ya jirani kwa bei ileile. Kulikuwa na sababu nyingine iliyokufanya upite milango mingine yote mpaka ukafika pale, na insha yako ni sababu hiyo. Karibu kila hitilafu iliyotajwa hapa chini inatokea pale mwandishi anapoificha, au anapokuwa bado hajaijua.

Dalili ya 1: Inasomeka kama tangazo la biashara

"Ni baa yenye mandhari tulivu, vinywaji baridi na wahudumu wachangamfu." Sentensi hii, au ndugu yake, iko katika rasimu nyingi ninazosoma.

Sababu kubwa ni kwamba sifa zimekaa mahali pa vitu. Chukua kalamu, zungushia kila neno la sifa katika ukurasa wa kwanza, kisha pigia mstari kila kitu kinachoweza kushikwa, kunuswa au kuhesabiwa. Miduara ikizidi mistari, umeshalipata tatizo.

Kulirekebisha, rudi kwenye taratibu za baa yenyewe. Tumezizoea mpaka hatuzioni. Mhudumu anauliza, "Ya moto au ya baridi?" Anakuja na chupa ikiwa imefungwa, anaifungulia mbele yako, kisha anakiweka kizibo juu ya mdomo wa chupa. Chupa tupu haziondolewi mezani, zinabaki zimejipanga hadi wakati wa bili, maana ndizo hesabu yenyewe. Kaunta ina nondo, na pesa hupitishwa kwenye tundu dogo. Ukutani kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwamba mkopo ni kesho. Jikoni unaonyeshwa nyama mbichi, unachagua kipande, kinapimwa, unaambiwa usubiri. Na kusubiri huko ndiko kunakozaa maongezi. Muuza mayai ya kuchemsha anapita na ndoo yake, na pilipili ndani ya chupa iliyotobolewa kizibo.

Kila utaratibu una swali ndani yake. Kwa nini chupa ifunguliwe mbele yako? Kwa sababu mteja anataka kuona kwa macho yake kwamba kilichomo hakijaguswa. Ukiliandika hilo umeshaanza kuandika juu ya kuaminiana kwa watu wasiojuana, na hujatumia hata sifa moja.

Sababu ya pili ni kuandika jioni zote kwa mpigo. "Tulikuwa tukikutana, tukicheka, tukisimuliana." Angalia vitenzi vyako: kama ukurasa mzima ni "tulikuwa tuki-" na "huwa tuna-", basi hakuna kilichotokea. Chagua jioni moja. Jioni nzuri ya kuchagua ni ile ambayo jambo la kawaida halikwenda kawaida: umeme ulikatika katikati ya mechi ya Simba na Yanga, kiti cha mtu fulani kilikuwa kitupu, mwenye baa alikaa meza ya wateja. Jioni nyingine zote zitaingia zenyewe kupitia mlango wa hiyo moja.

Mara chache sababu ni kwamba mwenye baa ni rafiki yako na ungependa kumfurahisha. Hapo mwandikie tangazo zuri, mpe, kisha uanze insha upya kwenye karatasi nyingine.

Dalili ya 2: Mwanzo hautaki kuanza

Hapa shule ndiyo inayozungumza. Tulifundishwa kufungua insha kwa hali ya hewa, methali, au "wahenga hawakukosea". Methali ikitangulia, msomaji ameshaambiwa afikirie nini, na hana sababu ya kuendelea. Funika aya ya kwanza kwa kiganja na usome ya pili. Ikiweza kusimama peke yake, ifute ya kwanza. Rudia kwa ya pili. Insha nyingi huanza kweli kwenye aya ya tatu, mahali ambapo mtu fulani anafanya jambo fulani.

Kama bado inasuasua, huenda unamwelekeza msomaji njia: ukishuka kituo fulani, kata kushoto, pita msikiti. Haji huko. Maelekezo yatunze kwa ajili ya mahali yatakapobeba maana, kwa mfano kama ulikuwa unazunguka njia ya nyuma ili usionekane na watu wa kanisani kwako.

Dalili ya 3: Watu wote wana sauti moja, au wote ni vichekesho

Hii ndiyo hitilafu inayoniuma zaidi, kwa sababu inawaumiza watu wasioshika kalamu.

Sababu ya kwanza ni kwamba umewaandika wakiwa wamelewa tu. Ulevi hufanya watu wafanane. Ukaguzi ni rahisi: kwa kila mtu aliyemo katika insha, je, unajua anafanya nini saa nne asubuhi? Usipojua hata kwa mmoja, bado hujawa na watu, una wateja tu.

Nenda baa saa tisa alasiri. Agiza soda, kaa pembeni, mwambie mwenye baa kwamba unaandika. Utaona viti vikishushwa kutoka juu ya meza, kreti zikihesabiwa, mchoma nyama akipepea mkaa na kusugua wavu kwa kipande cha kitunguu. Utamwona mhudumu amefika muda mrefu kabla yako, na kumbuka kwamba ataondoka baada yako, saa ambayo daladala zimeshalala na bodaboda inamla sehemu ya alichopata. Muulize nini hutokea mteja akikimbia bila kulipa. Katika baa nyingi deni hilo linakatwa kwake. Ukishalijua hilo, mzaha wako kuhusu yule rafiki aliyeruka ukuta akaacha bili utauandika kwa namna nyingine, au utaufuta.

Sababu ya pili ni kabila kutumika kama njia ya mkato. Mchagga wa kaunta anapenda pesa, Mhaya anajisifu, basi mwandishi anaona amemaliza kazi. Futa kila kabila kwenye rasimu na uweke tendo badala yake. Kisha rudisha kabila pale tu linapoleta ujuzi wa kweli. Mtu aliyekulia Njombe kwenye ulanzi anajua kwamba utomvu wa mwanzi wa asubuhi ni mtamu na kufika kesho umeshakuwa mkali. Anaweza kuishangaa bia isiyobadilika kwenye chupa miezi mingi. Aliyelelewa Kilimanjaro kwenye mbege ya ndizi na ulezi, akaona kata ikipita mkono hadi mkono, anaweza kuona ajabu kila mtu kukumbatia chupa yake. Hapo asili ya mtu inafanya kazi ndani ya insha.

Sababu ya tatu: mazungumzo yameandikwa kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Yasome kwa sauti. Hakuna anayesema "Naomba uniletee kinywaji kingine tafadhali" saa tatu usiku. Husema "Dada, niongezee." Kijana anayepita nyuma ya kiti cha mzee husema "Shikamoo" hata kama ana chupa mkononi, na mzee hujibu "Marahaba" bila kugeuka. Adabu hizo zimo baa, na waandishi wengi huziacha nje wakidhani hazihusiki. Misimu ya vijana itie kidogo tu, kwa sababu huchakaa haraka.

Neno kali kidogo kuhusu mhudumu wa kike. Rasimu nyingi zinaeleza umbo lake na haziendi mbele zaidi. Futa. Amekwishabeba macho na maneno ya kila meza. Jiulize badala yake: ulilijua jina lake lini, na kwa nini ilichukua muda wote huo? Nimeona insha nzima ikiamka kwa swali hilo peke yake.

Dalili ya 4: Kumbukumbu ina matundu

Ulikuwa umekunywa, na ndiyo sababu. Au miaka imepita.

Anza na simu. Ujumbe wa M-Pesa na malipo ya Lipa Namba yana tarehe, saa na kiasi. Picha nazo huhifadhi saa zilipopigwa. Ratiba za mechi zinapatikana. Halafu waulize waliokuwepo, mmoja mmoja, kabla hujawasimulia ya kwako, maana ukitangulia watakuunga mkono tu.

Baada ya hapo kagua mambo ya hadharani, ambayo msomaji wa mtaani kwako atayashika mara moja. Kama kuna mtu anararua kiroba, kile kifuko kidogo cha pombe kali, dukani waziwazi katika tukio la mwaka 2019, kuna kasoro: Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kama unamkumbuka baba akienda kucheza Msondo mwaka 1985, jina rasmi la bendi hiyo ya dansi wakati huo lilikuwa JUWATA Jazz. Ilianza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na jina la OTTU lilikuja miaka ya tisini. Kama baa yako iko Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliruhusu baa kufunguliwa saa 11 jioni siku za kazi, kwa hiyo meza iliyojaa saa sita mchana Jumanne inahitaji maelezo, na maelezo hayo huenda ni mazuri kuliko tukio lenyewe. Kafyu ya Kenya ya wakati wa korona ilianza mwisho wa Machi 2020 na kuondolewa Oktoba 2021. Usiku mrefu ndani ya kipindi hicho una hadithi ya mlango uliofungwa kwa ndani.

Tundu lisipozibika, liache. "Hapa sikumbuki" ni sentensi halali katika insha binafsi. Kisichokubalika ni kumtungia mtu halisi maneno ambayo hakuyasema kisha kuyaweka kwenye alama za kunukuu.

Dalili ya 5: Wewe mwenyewe hupo ndani ya insha

Baa ipo, watu wapo, mwandishi amejificha ndani ya "sisi". Hesabu vitenzi vinavyoanza na "ni-" katika ukurasa wa pili. Vikiwa vichache, jibu maswali haya pembeni, kwa ajili yako tu: Ulikuwa unakwenda siku zipi hasa, na siku hizo nyumbani kulikuwa na nini? Nani hakujua kwamba unakwenda? Kuna jambo gani ulilisema pale ambalo hujalisema kwingine kokote? Mmoja wa wanaoniletea rasimu aligundua kwamba alikuwa anakwenda Jumapili jioni peke yake, saa ambayo zamani alikuwa akimpeleka mama yake kliniki. Insha yake ikahamia hapo.

Wanawake wanaoandika kuhusu baa hukutana na tatizo hili kwa sura nyingine. Rasimu inaanza kwa kujitetea: nilikwenda na kaka, nilikunywa moja tu, niliondoka mapema. Ondoa utetezi wote. Kama kutazamwa ukiwa umekaa peke yako mezani ni sehemu ya jioni yako, kuandike waziwazi: nani alitazama, nani alileta chupa ambayo hukuiagiza, na ulifanya nini nayo. Hayo ni kiini cha insha, hayahitaji radhi.

Na kama hunywi, usijihisi mgeni katika jambo hili. Mtu aliyekaa na soda kwa saa nne ana macho makavu na huona mengi.

Dalili ya 6: Mwisho unageuka mahubiri

"Hivyo basi, pombe si nzuri, tunywe kistaarabu." Sababu ni shule tena, pamoja na hofu ya wazazi. Soma kurudi nyuma kutoka mstari wa mwisho hadi ukutane na kitu kinachoonekana kwa macho. Kata kila kilicho baada yake. Ukiona kwamba baada ya kukata insha imebaki na pengo, basi tatizo haliko mwishoni. Rudi dalili ya 5.

Dalili ya 7: Baa imevunjwa na insha imekuwa maombolezo

Mwaka 2017 majengo kando ya barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, yalibomolewa kupisha upanuzi wa barabara, na alama za X nyekundu zilitangulia ukutani. Wapo waliopoteza nyumba, na zilikuwepo baa pia. Mtu anayeandika juu ya mahali pasipokuwepo tena hupasamehe kila kitu. Angalia kama insha yako ina kasoro hata moja ya baa ile: choo, ugomvi, muziki uliowanyima majirani usingizi. Isipokuwa nayo, ongeza ya kweli. Msomaji ataamini mapenzi yako zaidi. Kisha watafute watu. Mchoma nyama yuko wapi sasa? Wafanyakazi wa baa iliyovunjwa huhama na ufundi wao, na mara nyingine ladha unayoililia ipo vituo vichache tu mbele.

Dalili ya hatari: huwezi kuandika bila kunywa

Hapa weka kalamu chini. Kunywa moja ili kurudia ladha ni jambo moja. Kama kila ukikaa kuandika lazima chupa iwepo, kama mikono inatetemeka na jasho linatoka asubuhi mpaka upate pombe, mhariri hawezi kukusaidia, anahitajika daktari. Tena usiache ghafla ukiwa peke yako ikiwa umekuwa ukinywa sana kila siku: kuacha kwa mkupuo kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa, na kunaweza kuua. Nenda hospitali ueleze kiasi unachokunywa bila kukipunguza. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ina idara ya afya ya akili, na hospitali ya Mirembe ya Dodoma inashughulikia afya ya akili pia. Vivyo hivyo kama baa hiyo ndipo ulipopigwa, ulipobakwa au ulipomwona mtu akifa, na kila ukiandika unakosa usingizi: zungumza kwanza na mshauri nasaha au daktari.

Dalili ya 8: Imekamilika, lakini unaogopa kuitoa

Mara nyingi hofu ni ya nyumbani: mama, mwenzi, mchungaji, sheikh, mwajiri. Mpe mmoja anayekuhusu zaidi aisome kabla ya wengine. Asiipate kwa jirani.

Sababu ya pili ni kwamba umefichua siri za watu, na hofu yako ina haki. Kubadilisha jina hakutoshi. "Mwalimu mmoja mwenye kovu shavuni anayekaa nyuma ya kituo cha mafuta" anajulikana na mtaa mzima. Badilisha kazi, umri na makazi, au umwombe ruhusa. Mpelekee aya inayomhusu, umsomee kwa sauti. Akisema hapana, itoe. Kuwa mwangalifu zaidi kwa anayeuza gongo, ile pombe kali ya kienyeji: gongo ni haramu Tanzania, na aya yako nzuri inaweza kumleta polisi mlangoni.

Simama na umwone mwanasheria kabla ya kuchapisha ikiwa umemtuhumu mtu anayetambulika kwa wizi, ubakaji, rushwa au ugonjwa, au kama umeweka picha, namba ya simu au taarifa za afya za mtu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022; Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Sababu ya mwisho hutokea mara chache, nayo ni mashairi ya nyimbo. Watu hunukuu beti nzima za dansi kwa sababu ndizo zilizokuwa zikipigwa. Beti hizo zina wenyewe, na kwa Tanzania mahali pa kuuliza ni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki. Kama huna muda wa kuomba ruhusa, taja bendi na jina la wimbo, eleza ulipoanza kupigwa nani aliinuka kucheza na nani alibaki ameshika chupa yake, na uache maneno yenyewe.